Filamu Iliyokaguliwa Sebuleni: Historia ya Marehemu Modesti Fabiani Mboje

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa ndugu zetu wa Moravian na makanisa mengine, Bwana asifiwe, na kwa wazee wetu wote mlioketi, shikamooni.

Mheshimiwa Paroko, masista, viongozi wa serikali ya mtaa, wanajumuiya, ndugu, jamaa na marafiki, naitwa Kristiana Fabiani Mboje, dada wa marehemu na mtoto wa kwanza wa nyumba hii, niliyeolewa kule Wampembe, nami nimesimama hapa kwa niaba ya familia, si kwa sababu nina sauti nzuri, bali kwa sababu kila mwanaume wa ukoo aliyeombwa kuisoma historia hii alisema amesahau miwani, na baba yetu mdogo Romani, ambaye jana tu nilimkuta akisoma kipande cha gazeti kilichofungiwa karanga, alisema kichwa kinamgonga. Sababu mtaielewa nikifika katikati. Niseme mapema pia kwamba baba yetu, Mwalimu Fabiani Mboje, aliyeketi hapa mbele yangu, alisomewa historia hii yote jana mchana, neno kwa neno, akasema isomwe hivyo hivyo.

Marehemu Modesti alizaliwa siku ya Jumanne tarehe 14 Aprili 1981, hapa hapa Kasense, Sumbawanga, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mwalimu Fabiani na marehemu mama yetu Angela, ambaye siku hiyo alikuwa shambani akiamia ndege kwenye ulezi, akashikwa na uchungu, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, na jua lilipokuwa linazama mtoto alikuwa amekwisha kufika. Alibatizwa tarehe 10 Mei mwaka huo huo, akapata Komunyo ya Kwanza mwaka 1991 na Kipaimara mwaka 1994, na katika picha ya siku hiyo ya Kipaimara yeye peke yake haangalii mbele, anamwangalia mpiga picha, jambo ambalo mama alilikumbuka baadaye na kusema kwamba mtoto alikuwa ameshachagua kazi.

Alisoma shule ya msingi hapa Kasense kuanzia mwaka 1989 hadi 1995, akaendelea na sekondari hapa mjini kuanzia mwaka 1996 hadi 1999, na kuhusu matokeo yake ya kidato cha nne familia inaomba nisiongeze neno, ila tu kwamba baba, ambaye ni mwalimu, aliyakunja akayaweka chini ya redio na hayakutoka pale mpaka redio ilipokufa. Modesti alikuwa mtoto mtii, mpole, mwenye kusema sawa kabla hujamaliza kumtuma, na sisi tuliomlea tulimsifu kwa tabia hiyo, tukaikuza, na leo ninapoisoma hapa sina hakika kama tulimtendea mema.

Mwaka 2000 aliajiriwa katika studio ya picha ya Mzee Benjamini pale karibu na soko, akajifunza picha za mnato na baadaye za video, na mwaka 2005 akaanza kazi yake mwenyewe, akapiga picha za harusi, sendofu, ubatizo, kipaimara na jubilei za masista, kuanzia hapa mjini mpaka Laela na Namanyere, na nadhani hakuna sebule katika tarafa hii isiyokuwa na kazi ya mkono wake. Alipendwa kwa jambo moja, kwamba video zake zilikuwa za heshima. Mjomba aliyelewa akaangukia meza ya keki hakuonekana, shangazi waliogombania khanga za mama wa bibi harusi hawakuonekana, na mtu ukiitazama video ya Modesti uliamini kwamba ukoo wako ni ukoo wa watakatifu.

Wote mnaijua desturi yetu, kwamba video ya sherehe haigawiwi kabla familia haijakaa kuikagua, wazee wanakusanyika sebuleni, chai inaletwa, mmoja anashika rimoti, na kila mtu anasema huyu ondoa, hapa punguza, pale rudia, na mpiga picha anakaa kwenye kigoda karibu na mlango akisema sawa mzee, sawa mama, na wakishamaliza anarudi studio kukata walivyotaka. Modesti alikuwa na nyongeza yake, kwamba familia ikisharidhika alifuta mabaki yote siku ile ile, ili apate nafasi kwenye diski kwa ajili ya harusi inayofuata, na pia, alivyokuwa akiniambia mwenyewe, ili aibu za watu zisilale studio kwake. Ilikuwa ni desturi nzuri kwa harusi.

Marehemu alifunga ndoa takatifu siku ya Jumamosi tarehe 29 Julai 2006 na wifi yangu Jane, binti wa mfanyabiashara wa nguo aliyehamia hapa kutoka Mbeya, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Kasimiri aliyezaliwa mwaka 2007, Angela aliyezaliwa mwaka 2010 na kupewa jina la bibi yake, na Benjamini aliyezaliwa mwaka 2015. Alikuwa baba wa kukaa nyumbani, wa kukoroga uji wa watoto bila kuona haya, na katika ndoa yao wifi yangu anasema waligombana vikali kuhusu kitu kimoja tu, nacho ni mashuka, nitakayoyafikia sasa hivi.

Mwaka 2016, mwezi Agosti, marehemu alikuwa Malangali akipiga picha sherehe ya kumuaga mtumishi mmoja wa halmashauri, umeme ukakatika, wageni wakatoka nje kupunga upepo, na huko nje akasikia gitaa likilia kutoka kwenye kilabu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi, cha Mama Luciana, chumba kile chenye mabenchi pande tatu na mlango wa bati, ambamo spika ilikuwa imetumbukizwa ndani ya chungu kikubwa ili sauti itoke nene, ikitumia betri ya gari. Aliyekuwa akipiga ni Mzee Loth Mbonile, dereva mstaafu wa serikali, mzaliwa wa Rungwe, aliyehamia hapa mwaka 1979 na kupiga gitaa katika vilabu vyetu kwa zaidi ya miaka thelathini akiwa na kikombe cha chai pembeni, maana yeye ni Mmoravian na pombe haijapita kinywani mwake. Modesti alisimama mlangoni mpaka umeme ukarudi kule kwenye sherehe, wakamtafuta, na ile video ya kumuaga mtumishi mpaka leo haina sehemu ya zawadi.

Kuanzia hapo, kwa miaka mitatu, bila mfadhili, bila kutumwa na ofisi wala redio yoyote, aliitengeneza filamu ya muziki wa vilabu vidogo vya Sumbawanga, akipiga picha siku ambazo hakuna harusi, akizunguka Malangali, hapa Kasense na kwingineko, na mwaka 2018 wavuvi wa Wampembe walipoialika bendi ya Mzee Loth, aliteremka nayo kule ziwani, ngoma na spika zikiwa juu ya magunia ya mahindi kwenye lori, wakafikia kwangu, nikawapikia ugali na migebuka, samaki wa ziwa letu, nao wakapiga muziki uani mwangu mpaka kuku wakakata tamaa ya kulala. Nilimwona ndugu yangu akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza anapiga picha watu wasiojipanga.

Ni uani kwangu Mzee Loth alipopiga wimbo uliofanya niweke chini bakuli nililokuwa nimeshika, kwa sababu ulikuwa ni ule wimbo wetu wa mazishi, Nimefika Mapema, ambao kila parokia ya Ufipa inauimba jeneza likishushwa, na ambao sisi watoto wa Mwalimu tumekua tukijua kwamba ni baba aliutunga, na tumeringa nao, na tumeketishwa mbele kwa ajili yake. Maneno yalikuwa mengine. Mzee Loth aliimba kwamba umelala mapema Lwitiko, hata chakula hakijaiva. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole kabisa, kamera ya Modesti ikiwa inamwangalia, kwamba mwaka 1985 mtoto wake wa kwanza, Lwitiko, alikufa kwa surua akiwa na miaka minne, naye kwa kukosa la kufanya akautunga wimbo ule, na kwamba baba yetu, ambaye wakati huo alikuwa akija kilabuni kwa mlango wa nyuma kujifunza gitaa, aliusikia, akaomba autumie kwaya, naye akampa kwa sababu walikuwa marafiki, na baba akauvalisha maneno ya kanisa ukapendeza. Hakulaumu. Alisema tu kwamba anafurahi mwanaye anazika watu wengi hivi.

Filamu ilipokamilika mwezi Novemba 2019, ndugu yangu alifanya kosa ambalo mtu wa mbali asingelifanya, bali mtu aliyezaliwa na kufundishwa kazi hapa kwetu angelifanya bila hata kufikiri, yaani aliileta nyumbani ikaguliwe. Wakakaa sebuleni kwa baba, hapo hapo mnapoona mlango wa bluu, baba mdogo Romani ameshika rimoti, wajomba, wazee wawili wa kwaya, na chai ikaletwa. Wakaanza na vyungu vya kimpumu, wakasema viondolewe kwa sababu waumini wataonekana. Wakaondoa akina mama waliokuwa wakicheza, kwa kuwa mmoja ni mke wa katekista, wakamwondoa mtumishi aliyekuwa kilabuni saa za kazi, wakaondoa vikombe, wakaondoa kicheko kimoja kilichokuwa kirefu mno, mpaka filamu ya vilabu ikabaki haina kilabu, watu wamekaa kwenye mabenchi wamekunja mikono kama wanasubiri kliniki.

Kisha wakafika kwenye maneno ya Mzee Loth. Baba mdogo Romani aliisimamisha picha mzee akiwa mdomo wazi katikati ya sentensi, akasema hapo ondoa, huyu mzee amelewa, na kila aliyekuwa katika chumba kile alijua kwamba Mzee Loth hanywi. Modesti alimgeukia baba, akasubiri. Baba aliangalia kikombe chake. Waliokuwepo wanasema mwishowe Modesti akasema sawa, baba mdogo. Kamba hukatikia pembamba. Hakuondoa maneno yale tu, aliondoa uso wa Mzee Loth filamu nzima, maana aliogopa watu wakimwona watauliza, akabakiza mikono yake tu juu ya gitaa, kwa sababu sauti ya gitaa isingeondoka bila kuiua filamu. Na kwa kuwa familia ilikuwa imeridhika, na harusi za Desemba zilikuwa zinamsubiri, jioni ile ile akafuta mabaki yote, kama alivyozoea.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi tarehe 7 Desemba 2019 katika ukumbi mdogo hapa mjini, juu ya mashuka mawili meupe ya wifi yangu Jane yaliyoshonwa pamoja, yale ya zawadi ya harusi, na wengi mlioketi hapa mlikuwepo. Kwa hiyo mnakumbuka kwamba Mzee Loth alifika mapema amevaa koti la suti, akiwa na mkewe, wanawe, wajukuu wake na dada yake aliyesafiri kwa basi kutoka Tukuyu, wakaketi mstari wa mbele, na kila baada ya muda alikuwa akiwaambia wajukuu watulie, babu anakuja. Mikono ilipoonekana dada yake alipiga makofi akasema ndiye, ndiye, ule ni mkono wake. Watoto wakaendelea kusubiri uso. Filamu ikaisha, taa zikawashwa, wao bado wanaangalia shuka.

Watu walipongeza, paliliwa pilau, na Mzee Loth alimwendea ndugu yangu, akampa mikono yote miwili, akamwambia kazi nzuri mwanangu, umetutunza, akaondoka na watu wake taratibu. Wifi yangu anasema Modesti hakula siku ile, na mashuka hakutaka yarudi kitandani, na hapo ndipo walipogombana. Kesho yake alikwenda studio kutafuta kama kuna kipande chochote kilichosalia, akatafuta kwenye kila kadi na kila diski, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu siku hiyo marehemu hakupita tena mtaa wa Mama Luciana, alizunguka kwa njia ya sokoni hata kama mvua inanyesha, na harusi za Malangali akampa mwenzake Suma azipige. Alipomwona mtu yeyote amevaa koti kama lile alivuka barabara. Alipanga kwenda kwa Mzee Loth kumwomba ampige picha upya, akawa anasema wiki ijayo, tukivuna, Pasaka ikipita, na mwezi Julai 2021 Mzee Loth akapata kiharusi, mkono wake wa kushoto ukalala, na gitaa likatundikwa ukutani. Kwa hiyo ile mikono mnayoiona katika filamu ndiyo kumbukumbu pekee ya upigaji wake, na haina mwenyewe. Sisi familia tulilijua jambo hili, tuliliona likimla ndugu yetu, na tuliendelea kuketi mbele makanisani wimbo ule ulipoimbwa. Mimi naona haya kulisoma, na nimelisoma polepole ili wenye haya wenzangu wapate nafasi ya kutosha.

Marehemu alianza kuugua mwezi Septemba 2022, akavimba miguu na uso, vipimo vikaonyesha kwamba figo zake zimechoka, akatibiwa hapa mjini, na kuanzia mwezi Februari 2024 akawa anakwenda Mbeya kusafishwa damu, akisindikizwa na mkewe, ambaye kwa kipindi hicho chote hakulalamika mbele yetu hata mara moja. Mwezi Aprili mwaka huu, akiwa amelazwa hapa Sumbawanga, Mzee Loth alikuja kumjulia hali akitembea kwa mkongojo, na Modesti alipomwona mlangoni aligeukia ukutani. Mzee alivuta kiti akaketi, akamwambia usigeuke mwanangu, ni mimi niliyekuja. Ndugu yangu alilia, akamwomba msamaha mbele ya mkewe na muuguzi wa zamu, na Mzee Loth akamjibu kwamba ameshasamehe, kwa Mwalimu hana neno, wimbo alimpa kwa hiari yake, ila alikuwa ametamani jambo dogo tu, kwamba wajukuu wamwone. Siku hiyo hiyo Modesti alimwomba Jane jambo moja, kwamba wakimzika kwa wimbo ule, mwenye wimbo atajwe.

Marehemu alifariki dunia siku ya Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka 44, ameacha mjane, watoto watatu, baba, ndugu sita na filamu moja yenye makosa yetu.

Alhamisi jioni kwaya ilipokuja kutufariji na kuanza Nimefika Mapema, baba, ambaye ameuongoza wimbo huo kwenye makaburi ya Ufipa kwa miaka arobaini, aliinua mkono wake kama kawaida, ukabaki juu, kisha akaketi chini kwenye majani, mtu mzima wa miaka themanini na mbili. Baadaye alituambia kwamba ameufundisha wimbo ule kwa watu wengi bila yeye kuusikia, na kwamba sasa ameusikia, na ni wimbo wa mtu anayezika mtoto wake. Leo asubuhi Mzee Loth alipofika, kamati ya mapokezi ilimketisha kule nyuma karibu na kuni, na baba akanyanyuka mwenyewe, akaenda, akamshika mkono ule usio na nguvu, wakaja pamoja polepole hadi hapa mbele, na kiti alichokalia baba mdogo Romani ndicho alichopewa. Kwa hiyo, kwa agizo la baba, familia inawatangazia kwamba wimbo tutakaouimba kaburini umetungwa na Mzee Loth Mbonile kwa ajili ya mwanaye Lwitiko, na kwamba baba yetu alitia maneno ya kanisa tu, na kwaya zote zinaombwa kuanzia leo kusema hivyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Mbeya, walioupigania uhai wa ndugu yetu kwa uvumilivu mkubwa, majirani wa Kasense na Malangali kwa maji, kuni na usiku mliokaa nasi, Mama Luciana aliyefunga kilabu chake siku tatu na kuja kutupikia, Paroko, jumuiya na kwaya, na wapiga picha wenzake wa mji huu waliomtembelea na kumfanyia kazi zake alipokuwa kitandani. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, Mungu awalipe.

Mwisho, namwona mwenzake Suma amesimama pale na kamera, kama alivyofundishwa na marehemu. Suma mdogo wangu, familia inakuomba, video ya leo usiilete sebuleni, hakuna atakayeikagua, na usifute kitu, hata haya niliyoyasoma, hata kilio cha baba kama kipo. Sasa geuza kamera yako huku mbele, kiti cha kwanza mkono wa kulia wa baba, umpige Mzee Loth. Achana na mikono. Mpige uso, umshike hapo mpaka wimbo uishe, wajukuu wake wapo.

Modesti, mdogo wangu, ameonekana. Pumzika kwa amani.